Ghorofa ya mbao Dodoma: kinachoibeba na kinachoiangusha

Mbao mbichi ya paini yenye upana wa milimita 200, iliyopasuliwa Mafinga mkoani Iringa asubuhi na kupakiwa lorini jioni, ikikaa Dodoma mpaka ikauke sawasawa itabaki na milimita 190 hivi. Milimita 10 hizo zilizopotea ndizo zinazoacha mwanya mlangoni, zinazofanya sakafu ilie kila mtu anapokanyaga, na zinazoitenga dari na ukuta. Watu wakiona hayo husema mbao haziwezi Dodoma. Zinaweza. Kosa ni kuzijenga zikiwa bado na maji.

Mti hubeba maji ya aina mbili: yaliyojaa ndani ya vitundu vyake na yaliyonyonywa na kuta za vitundu hivyo. Ya kwanza yakitoka, mbao inapungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 28 au 30 ya uzito mkavu, kuta zenyewe zinaanza kukauka na hapo mbao inasinyaa: kwa paini ni kama robo asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka. Pwani, mbao iliyokaa kivulini hutulia kwenye asilimia 14 hadi 16. Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba, mvua ikiwa hakuna na upepo wa mashariki haulali, hutulia kwenye 9 hadi 11. Kwa hiyo mbao iliyouzwa Dar es Salaam kama kavu, ikifika Dodoma itasinyaa tena.

Dawa yake ni subira na kivuli. Panga mbao juu ya matofali, sentimita 40 kutoka ardhini, ukiweka vibao vya inchi moja kati ya tabaka na tabaka kila baada ya sentimita 60, na vibao hivyo vinyooke wima kimoja juu ya kingine, la sivyo mbao zitajikunja. Paka rangi nzito kwenye ncha ili zisikauke haraka na kupasuka. Weka bati juu, acha pembeni wazi. Mbao ya inchi 2 huhitaji miezi miwili hadi mitatu ya kiangazi. Huna kipima unyevu? Kata kipande katikati ya mbao, si kwenye ncha, ukipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usipungue tena. Kikianza na gramu 620 na kuishia 540, maji yaliyotoka ni gramu 80. Gawanya kwa 540 upate asilimia 15. Hiyo bado. Subiri ifike 11.

Ghorofa ngapi?

Habari za majengo ya mbao zimejaa urefu. Mjøstårnet ya Norway, ya mwaka 2019, ina mita 85.4. Ascent ya Milwaukee, Marekani, iliyokamilika 2022, ina sakafu 25. Hapa kwetu, mwaka huohuo wa 2022 ulitangazwa mpango wa mnara wa ghorofa 28 wa mbao na zege huko Fumba, Zanzibar. Majengo ya namna hiyo hutegemea boriti za mbao zilizogundishwa kiwandani na paneli za tabaka kingamo, yaani mbao zilizolazwa safu tatu, tano au saba, kila safu ikikatiza nyingine, kisha zikagandamizwa kwa gundi. Ni teknolojia nzuri, lakini Dodoma haina uhaba wa ardhi wa kuilazimisha kushindana kwa urefu.

Mpango mkuu wa kwanza wa mji huu, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto na kutoka mwaka 1976, uliwaza mji wa majengo mafupi, watu wakitembea kwa miguu na kupanda mabasi, maeneo ya kijani yakiingia katikati ya makazi. Jengo linalofaa wazo hilo lina fremu za biashara chini, ofisi juu yake, na nyumba za kuishi kwenye ghorofa mbili za juu. Mtu anashuka ngazi kununua mkate, anapita chini ya kivuli cha mwarobaini, anafika kazini. Kwa kimo hicho, mbao za kawaida zinazouzwa kila mji zinatosha, mradi zipangwe kwa akili.

Akili hiyo si ngeni hapa. Tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo, ni jengo la fremu, yaani mifupa ya miti: nguzo zenye panda, boriti juu ya panda, fito, kisha udongo. Ukuta wa fito na tope haubebi paa, unaziba upepo tu. Mvua ikiula, paa linabaki limesimama. Udhaifu wake nao unajulikana. Udongo wa paa wa sentimita 20 una uzito wa zaidi ya kilo 300 kwa kila mita ya mraba, tena kabla haujalowa, na nguzo iliyofukiwa ardhini ni chakula cha mchwa. Fremu inabeba, udongo unakinga, mti haugusi ardhi: mambo mawili ya kwanza tembe liliyapata sawasawa, la tatu ndilo lililolishinda.

Ghorofa ya chini isiwe ya mbao

Hapa wapenzi wa mbao hukasirika, lakini fremu za biashara za chini zijengwe kwa tofali na zege. Ndani yake kutakuwa na jiko la chipsi, mitungi ya gesi, fundi wa kuchomelea, pikipiki inayorudishwa nyuma bila kuangalia. Nje, mvua ya Januari hurusha tope ukutani mpaka nusu mita. Matofali ya kufungamana yana faida nyingine pia: mchana hunywa joto polepole, usiku huliachia. Mbao haina uzito wa kufanya kazi hiyo, na chumba cha mbao tupu huwaka joto saa tisa alasiri.

Vipimo vya fremu hizo za biashara vifuate mbao. Mbao za sokoni zina futi 12, yaani mita 3.66. Ukipanga kuta za fremu ziwe mita 3.6 kutoka katikati ya ukuta mmoja hadi katikati ya mwingine, unakata sentimita 6 tu, ambazo mara nyingi ni zile ncha zilizopasuka, na kila mbao inalalia sentimita 11 juu ya mkanda, yaani boriti ya zege inayopita juu ya kuta, wenye upana wa sentimita 23. Mbunifu akichora fremu za mita 4 kwa sababu namba inapendeza, mteja atanunua mbao za futi 14 na kutupa vipande mpaka mwisho wa mradi.

Sakafu ya mbao zilizosimama

Sakafu ya kwanza juu ya fremu za biashara ndiyo inayoamua kama jengo litapendwa au litalalamikiwa. Njia isiyohitaji kiwanda ni hii: chukua mbao za inchi 2 kwa 6 (2x6), zile mafundi wanazoziita “tu bai siksi”, zisimamishe kwa ubavu mwembamba, zibananishwe moja kwa moja na kupigiliwa misumari mpaka ziwe bamba moja. Pima kwanza, maana inchi 2 ya sokoni ikipigwa randa hubaki milimita 45 na inchi 6 hubaki 145. Kila mita ya upana inameza mbao 22. Chumba cha mita 3.6 kwa 6 kinahitaji 133, ambazo ni zaidi kidogo ya mita za ujazo 3.

Kila mbao inapigiliwa kwenye mwenzake kwa misumari ya inchi 4, mmoja kila sentimita 30, ukipanda na kushuka ili isiwe kwenye mstari mmoja, na miwili kila ncha. Kwa chumba hicho ni zaidi ya misumari 1,800. Chagua mbao zenye mafundo madogo na zisizo na kiini cha mti katikati. Mti ukivunwa mchanga, mbao yake ya karibu na kiini hujinyonga kama kamba, na mbao moja iliyojinyonga inaharibu mstari wa ishirini.

Bamba hilo la milimita 145 kwa mita 3.6 linabeba nyumba au ofisi ya kawaida na kupinda kama milimita 5 likiwa limebeba mzigo wake wote, na miaka ikienda huweza kufika 9. Si tatizo. Lakini ghala la saruji au chumba cha kuhifadhia majalada juu yake ni habari nyingine kabisa, na mhandisi aambiwe mapema. Hesabu hizi ni za kuelewa jambo. Michoro ya kibali lazima ipite kwa mbunifu na mhandisi waliosajiliwa, na Zimamoto waione.

Linaloharibika mara nyingi ni hili. Bamba linajengwa Oktoba mbao zikiwa asilimia 10, fundi anabananisha ukuta hadi ukuta bila mwanya, halafu mvua ya Desemba inalikuta bila paa. Unyevu ukipanda hadi 15, bamba la mita 6 linataka kuongezeka sentimita 7. Haliwezi, kwa hiyo linasukuma ukuta. Ufa unatokea kwenye mkanda na kila mtu anaulaumu msingi. Jenga vipande vya mita 1.2, acha mwanya wa milimita 12 hadi 15 kati ya kipande na kipande, na ufunike kwa plaiwudi ya milimita 18 baada ya paa kukaa, siyo kabla.

Kelele ndiyo shida ya pili. Mbao tupu za unene huo huzuia takriban desibeli 40, kiwango ambacho mazungumzo ya chini yanasikika juu, na mtoto akikimbia juu, chini wanahesabu hatua. Weka plaiwudi, juu yake mkeka wa mpira, kisha lipu ya sakafu ya mchanga na saruji ya milimita 50; chini, dari ya jipsamu iliyoning'inizwa kwa vishikio vyenye mpira. Kabla ya kumwaga lipu tandaza nailoni nzito isiyo na tundu, maana lipu hiyo ina karibu lita 10 za maji kwa kila mita ya mraba, na bila nailoni yote yanashuka kwenye mbao ulizosubiri miezi mitatu zikauke. Lipu hii pia inaziba moshi usipenye katikati ya mbao, na inalipa jengo uzito unaotuliza joto.

Moto

Kila aliyewahi kuwasha jiko anajua: vijiti vinashika kwa njiti moja, gogo zima haliwaki. Mbao nene ikiungua hutengeneza ganda la mkaa ambalo linazuia joto lisiingie ndani. Paini huungua kwa kasi ya milimita 0.8 hivi kwa dakika, kwa hiyo saa nzima inakula 48. Ongeza 7 zilizopoteza nguvu kwa joto, na bamba la 145 linabaki na 90 zinazofanya kazi. Kwa hiyo bamba nene ni salama kuliko kenchi za 2x4 zenye nafasi tupu kati yake, ambazo moto huzikimbilia pande zote kwa pamoja. Hatari kubwa ni vyuma: sahani na bolti zilizo wazi hupoteza nusu ya nguvu zake zikifika nyuzi 550 hadi 600, na fremu inaachia kwenye maungio huku mbao zenyewe zikiwa bado nzima. Zifichwe ndani ya mbao au zifunikwe kwa jipsamu. Ngazi iwe ya zege, ndani ya kuta za tofali, kutoka chini hadi juu.

Mchwa

Mchwa wa ardhini hawapendi mwanga wala hewa kavu. Hujenga vichirizi vya udongo kutoka ardhini hadi kwenye mbao, wakipita juu ya zege, tofali, hata bomba la plastiki. Huwezi kuwazuia wasipande. Unachoweza ni kuwalazimisha wapande mahali unapowaona. Ndiyo maana mbao ya kwanza ya jengo hili iko juu ya ghorofa nzima ya tofali, na hata hivyo bado inahitaji kofia: bati la mabati nene lililolala juu ya ukuta wote chini ya mbao, likatokeza sentimita 5 kila upande na kukunjwa kuelekea chini kwa nyuzi 45. Maungio ya bati yachomelewe kwa risasi. Tundu la msumari mmoja linatosha kuwa barabara.

Kofia haiui mchwa. Kazi yake ni kuwafanya wajenge kichirizi chao kwa kuizunguka, mahali peupe. Kwa hiyo lipu ikipita juu ya kofia hiyo ili ukuta upendeze, kofia imekufa. Vivyo hivyo bomba la maji machafu linalopenya sakafu bila kuzungushiwa kola, au rafu ya duka iliyobanwa ukutani ikaficha sentimita 15 ambazo zilipaswa kuonekana.

Mbao zote za nje na za kingo ziwe za dawa, ile ya kijani yenye shaba iliyosukumwa kwa mtambo wa kugandamiza. Kupaka kwa brashi hakufiki mbali. Ukikata mbao ya dawa, sehemu uliyokata haina kinga ndani, basi ichovye upya. Shaba ya dawa hula chuma cha kawaida, kwa hiyo misumari na bolti ziwe zimechovywa kwenye zinki ya moto. Halafu vipande vinavyobaki: dawa ya aina hii mara nyingi ina aseniki, na kwenye kila saiti kuna mama lishe anayepika kwa mabaki ya mbao. Moshi wake na majivu yake ni sumu. Mabaki ya dawa yatengwe siku ya kwanza, yasiachwe karibu na jiko hata kidogo.

Bungua, wadudu wa kutoboa mbao, wao huingia kutoka hewani, si ardhini. Unga laini chini ya mbao na vitundu vya ukubwa wa ncha ya kalamu ndiyo dalili yao.

Kuhusu mninga na mkongo: ni mbao bora, mchwa huzikwepa, lakini zinatoka misitu ya asili inayopungua. Zitumike kwenye vizingiti na mikono ya ngazi tu. Paini ya mashamba ndiyo ya kubeba jengo, na ije na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mita za ujazo 3 za paini zilizo kwenye sakafu ya chumba kimoja zinashikilia kaboni inayolingana na tani 2.5 hivi za kaboni dioksaidi, mradi shamba lipandwe tena na mbao isioze.

Ardhi na uzito

Bamba la mbao la sakafu lina kilo 72 kwa mita ya mraba; la zege la sentimita 15 lina 360. Dodoma iko karibu na tawi la mashariki la Bonde la Ufa na matetemeko husikika, kwa hiyo wepesi ni faida: tetemeko hulisukuma jengo kwa kadiri ya uzito wake. Ila kwenye udongo mweusi wa mbuga wepesi unageuka hasara. Udongo ule hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na jengo jepesi huinuliwa kirahisi kuliko zito. Msingi ushuke chini ya tabaka linalocheza, na boriti ya msingi iachiwe mwanya wa sentimita 10 chini yake ili udongo uvimbe bila kuisukuma. Maji ya paa yasimwagwe mguuni mwa jengo.

Jua, mti na maji

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita linakuja kutoka kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60. Desemba linatoka kusini kwa nyuzi 73. Kutia kivuli uwazi wa mita 2.4, upande wa kaskazini unahitaji roshani ya mita 1.4, kusini 0.75 inatosha. Kila ghorofa iwe na yake, maana upenu wa paa unailinda ya juu tu. Mashariki na magharibi hakuna upenu unaofaa, jua linaingia kwa ubavu. Kwa hiyo jengo lilazwe urefu wake mashariki kwenda magharibi, kuta fupi zikikabili jua kali, na ya magharibi ipewe kivuli cha kusimama.

Hapo ndipo mzabibu unapofaa, na Dodoma wanajua kuulea. Uwekewe nyaya kwenye fremu ya chuma iliyosimama sentimita 60 kutoka ukutani ili hewa ipite na majani yasilowanishe mbao. Kumbuka tu kwamba hukatwa matawi mara mbili kwa mwaka, na kwa wiki kadhaa baada ya kila mkato kivuli hakipo. Mwarobaini haukuachi hivyo, lakini upandwe mita 5 au zaidi, kwani majani yake yakiziba gata maji hurudi ukutani. Mbuyu uliokuwepo kabla ya kiwanja kupimwa usikatwe, zungusha jengo.

Paa la mita za mraba 180, kwa mvua ya milimita 550 na upotevu wa moja ya tano, linakusanya zaidi ya lita 79,000 kwa mwaka. Simtanki la lita 10,000 linajaa kwa milimita 70 tu za mvua. Mche mmoja ukipewa lita 20 mara mbili kwa wiki unatumia lita 1,200 kiangazi chote cha wiki 30, kwa hiyo tanki moja lililojaa linavusha miti minane, si ishirini. Panda minane.

Kila Mei, mvua zikishakatika, mtu mmoja azunguke na tochi na bisibisi. Amulike kofia ya mabati pande zote akitafuta vichirizi, avunje kila anachokiona na kuweka alama, arudi baada ya wiki kuona kama kimejengwa upya. Kikijengwa, kundi bado li hai na ardhi iwekwe dawa. Achokoe mbao chini ya bafu, kwenye ncha za roshani na mahali gata linapovuja. Bisibisi ikizama nusu sentimita bila nguvu, mbao hiyo ibadilishwe kabla ya Desemba.